Chui wa dhahabu na sanduku la wamama wa Bunia

BUNIA, Ituri – Kuna sarafu moja ya dhahabu yenye jina la nchi hii ambayo wenyeji wake karibu wote hawajaiona hata kwa picha. Juu yake kumeandikwa mwaka 1975, wakati Kongo ikiitwa Zaire. Upande mmoja kuna sura ya Mobutu, upande wa pili kuna chui, na bei iliyoandikwa ni zaire 100. Haikutengenezwa ili mtu anunulie mihogo sokoni. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mbali wanaokusanya sarafu za dhahabu zenye wanyama wa pori, wanaozitazama jioni chini ya taa, kisha wanazirudisha kabatini na kufunga.

Sarafu hiyo, au kitu kilichojiita sarafu hiyo, ilifika mwishoni mwa mwaka 2025 ndani ya kambi moja ya wakimbizi wa ndani, pembeni ya mji wa Bunia. Aliyeileta ni kijana mmoja wa pikipiki, mwenye maneno laini, aliyesema ametoka Kampala na baba yake ni mgonjwa. Alitaka dola 600. Na wamama wa kambi walikuwa nazo dola 600.

Pesa hizo zilikuwa za AVEC, kundi la kuweka na kukopeshana, ambalo familia nyingi za Ituri na Kivu zinalijua vizuri. Wamama 25, kila Jumamosi, kila mmoja na alichopata: huyu kwa kuuza makala, huyu kwa kufua nguo mjini, huyu kwa kulima shamba la mtu mwingine. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wamama watatu wasiolala nyumba moja. Pesa hugawanywa mwisho wa mwaka. Kwa wengi wa wale wamama, sehemu yao ndiyo mali yote waliyo nayo tangu nyumba zao zilipochomwa.

Basi, kwa nini watu wenye akili namna hiyo wafikirie kununua chui wa dhahabu? Wanaocheka wakumbuke historia ya pesa katika nchi hii.

Mwezi wa 12 mwaka 1979, wakati wa Noeli, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena, na siku za kuzibadilisha zilikuwa chache mno. Watu wa vijijini, waliokuwa na akiba ndani ya mito ya kulalia na chini ya udongo, walibaki na karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, na ili kupata moja ilikuwa lazima utoe zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ikarudi franka ya Kongo, na ili kupata franka moja ilikuwa lazima utoe zaire mpya 100,000. Ukipiga hesabu hiyo mpaka mwisho, franka 1 ya mwaka 1998 ni sawa na zaire bilioni 300 za wakati ule sarafu ya chui ilipotoka. Na mwanzoni mwa 2025, benki za Goma zilipofungwa baada ya mji kutekwa, watu wenye akiba ndani yake walijua tena uchungu wa pesa ambayo ipo lakini haishikiki. Habari hiyo ilifika Bunia haraka kuliko magari.

Dhahabu nayo ilikuwa inapanda. Mwezi wa 10 mwaka 2025 ilipita dola 4,000 kwa aunsi moja, yaani gramu 31 na kidogo. Watu wa Mongbwalu na Djugu hawahitaji kufundishwa maana yake. Wamekua wakiona unga wa dhahabu ukipimwa kwa vijiti vya kiberiti. Kijana wa pikipiki hakuwa na kazi kubwa ya kueleza. Alisema tu: mama zangu, pesa inakufa, dhahabu haifi. Hapo hakudanganya.

Wamama wakamwita mzee mmoja, ili aseme kama sarafu ni ya kweli.

Mzee huyo ana miaka sabini na kitu. Alikimbia teritware ya Djugu mwaka 2018 pamoja na mke wake, wajukuu wawili na kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za zamani. Njiani mke wake alimkasirikia sana. Watu wengine walibeba sufuria na godoro, yeye amebeba vyuma visivyonunua hata chumvi. Lakini wajukuu wamejifunza kuhesabu kwa sarafu hizo, na jioni watoto wa majirani huja kuziomba. Ndani ya kopo kuna sarafu ya shaba ya njano yenye pembe sita, ya Kongo ya Wabeleji, franka 2, mwaka 1943, yenye tembo. Ilipigwa Marekani, mjini Philadelphia, kwa sababu Ubelgiji wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kuna franka 10 ya mwaka 1965 yenye kichwa cha simba, nyepesi kama kifuniko cha chupa. Kuna sengi 10 ya mwaka 1967 yenye chui, nayo ni ya aluminiamu. Thamani ya kopo lote kwa mnunuzi wa mjini haifiki bei ya kuku, na mzee anajua.

Sarafu ya dhahabu yenye chui alikuwa anaijua tangu ujana. Katika miaka ya 1970 alikuwa karani katika ofisi moja, na siku moja kwenye barua za mkubwa wake kulikuwa na karatasi ya rangi, ya kifaransa, inayotangaza sarafu hizo kwa wazungu wa kazi. Mkubwa aliitupa. Karani aliiokota, akakata picha, akaibandika nyumbani. Miaka zaidi ya arobaini ilikaa ukutani, rangi ikififia mpaka chui akawa kivuli. Iliungua pamoja na nyumba.

Karatasi ile ilisema kweli. Miaka ile shirika la World Wildlife Fund, lenye alama ya panda, pamoja na shirika la IUCN, walipatana na serikali za nchi zaidi ya 20 ili zitoe sarafu za wanyama walio hatarini, na sehemu ya bei iende kwenye kazi ya kuwalinda. Zaire ilitoa ngagi na okapi kwenye sarafu za fedha, na chui kwenye dhahabu. Tanzania, tangu 1974, ilitoa twiga na kifaru kwenye fedha, na duma kwenye dhahabu. Sarafu ya dhahabu katika mfululizo huo ina uzito wa gramu 33.4, upana wa milimita 34, na katika sehemu 1,000 za madini yake, 900 ni dhahabu. Kwa lugha ya wachimbaji, haifiki tola tatu. Dhahabu safi iliyo ndani ni gramu 30 hivi, na kwa bei ya dola 4,000 kwa aunsi hiyo ni zaidi ya dola 3,800.

Ndiyo, 3,800. Na kijana aliomba 600. Mtu yeyote anayesoma habari hii akiwa ametulia ataona kasoro hapo hapo. Lakini mwenye njaa hasomi akiwa ametulia, na baba mgonjwa ni sababu ambayo kila mtu kambini ameitumia kwa kweli wakati fulani.

Sarafu za aina hiyo hutoka kwa namna mbili. Kuna za kawaida, na kuna zile ambazo wakusanyaji wanaziita prufu. Prufu hupigwa kwa uangalifu wa pekee: kipande cha dhahabu kinasuguliwa kabla, muhuri wa chuma unasuguliwa pia, na sarafu inapigwa zaidi ya mara moja, moja moja, si kwa haraka ya mashine ya pesa za sokoni. Inatoka na uso kama kioo, na mnyama juu yake anaonekana mweupe kama amepakwa umande. Ukiinamisha kidogo, kioo kinageuka cheusi na mnyama anang'aa; ukirudisha, yeye anakuwa giza na kioo kinawaka. Prufu za chui wa Zaire hazikufika hata 1,000. Ndiyo maana mkusanyaji wa Ulaya au Marekani anaweza kulipa zaidi ya bei ya dhahabu yenyewe.

Na ndiyo maana kuna vyeti. Zamani cheti kilikuwa karatasi tu iliyokuja na sarafu kutoka kiwandani. Karatasi haishikamani na sarafu, kwa hiyo mtu anaweza kuuza sarafu ya uongo na karatasi ya kweli. Tangu miaka ya 1980 yakatokea makampuni Marekani, yanayojulikana zaidi ni PCGS na NGC, ambayo hayauzi sarafu bali yanazikagua. Unawapelekea sarafu, wanapima, wanatazama, wanaipa alama kuanzia 1 mpaka 70, kisha wanaifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba yake. Kasha likipasuliwa, cheti kimekufa. Namba hiyo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta kwenye intaneti bila kulipa, aone kama ni ya sarafu hiyo kweli.

Kijana wa pikipiki alikuwa na kasha kama hilo. Ndani yake chui, juu yake karatasi ndogo yenye neno Zaire, mwaka 1975, alama 69 na namba ndefu. Mfukoni alikuwa na ya pili, isiyo na kasha, ambayo alisema ni pacha yake.

Mzee alipoishika ile ya kasha, mikono ilimtetemeka. Wamama walikaa kimya. Alisogea mlangoni mwa hema, kwenye mwanga, akaiinamisha kama alivyosoma kwamba inafanywa. Aliona kioo, aliona Mobutu, aliona chui. Mama mwenye ufunguo wa pili akauliza, "Papa, ni yenyewe?" Mzee akajibu kwamba kwa macho inafanana, lakini wampe mpaka kesho. Kijana hakupenda, ila akakubali, na ili kuonyesha hana hila akaiacha ile pacha, akasema wamama walale nayo.

Jambo la kushukuru ni kwamba mzee alisema kesho. Yeye ndiye aliyekuwa na tamaa kuliko wote. Wamama walitaka dola 3,800. Yeye alitaka iwe kweli, na tamaa ya namna hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu haifikirii hata faida. Angesema neno "ndiyo" jioni ile, funguo tatu zingezunguka kabla ya giza.

Aliyemfungua macho hajui chochote kuhusu sarafu. Ni mwanaume wa teritware ya Mambasa, naye mkimbizi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mfuatiliaji wa nyayo katika msitu wa upande wa Epulu. Asubuhi alipita hemani kuomba moto, akaonyeshwa ile pacha, akaitazama kwa muda mfupi tu. Akasema, "Papa, huyu si chui. Chui hana machozi."

Mzee akachukua miwani. Kweli, kutoka kwenye jicho la mnyama mpaka kwenye pembe ya mdomo kulikuwa na mstari mweusi, kila upande, kama mtu aliyelia na hakujifuta. Hiyo ni alama ya duma. Madoa pia hayakuwa ya chui. Madoa ya chui ni kama maua, duara lililovunjika lenye nafasi katikati. Ya duma ni kama maharagwe, yamejaa. Katika misitu ya Ituri hakuna duma. Huyo ni mnyama wa mbuga za wazi, anayekimbia. Aliyetengeneza kitu kile alichukua picha ya mnyama wa nchi nyingine, akaandika Zaire pembeni. Pengine alidhani paka wote wa madoa ni mmoja. Mzee, ambaye aliishi na picha ya chui ukutani kwa zaidi ya miaka arobaini, hakuliona kosa hilo jioni, na jambo hilo bado linamuuma.

Kutoka hapo mambo yalienda haraka. Mzee na mama mwenye ufunguo wa kwanza walipanda pikipiki mpaka mjini, kwa mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani ya umeme. Ile pacha ilikuwa na gramu 16 na nusu. Upana ulikuwa sawa, unene sawa, uzito nusu. Mnunuzi hakutaka hata kuikwaruza. Alicheka, akawarudishia. Dhahabu ni nzito sana. Chuma cha njano cha ukubwa uleule kina uzito wa karibu nusu yake, na hakuna rangi inayoweza kuficha hilo.

Ikabaki ile ya kasha. Kijana aliporudi alisema pacha labda ilikuwa na kasoro, lakini hii ina cheti cha Marekani, na kulivunja kasha ili lipimwe haiwezekani, cheti kitakufa. Hapo ndipo penye mtego. Mwenye sarafu ya kweli angesema maneno hayohayo! Plastiki inayolinda sarafu ndiyo pia inayomkinga mdanganyifu. Wamama wawili walianza kumwona mzee ni mtu wa kuharibu bahati ya wengine. Muuguzi mmoja kijana wa kituo cha afya akatoa simu yake, akaandika ile namba. Namba ilikuwepo. Ilikuwa ya dola ya fedha ya Marekani.

Kijana alisema mtandao wa Bunia ni mbaya. Alitoka nje kupiga simu kwa baba yake mgonjwa, na pikipiki ikasikika ikiondoka.

Baadaye wamama walimuuliza mzee jambo ambalo ni zito kuliko swali la kwanza: na kama ingekuwa ya kweli? Hapo kuna mambo ambayo wauzaji hawayasemi.

Sarafu ya namna hiyo ina bei mbili. Bei ya kwanza ni ya mkusanyaji, na mkusanyaji yuko London, New York au Johannesburg. Anajua Krugerrand ya Afrika Kusini yenye swala, iliyoanza mwaka 1967. Anajua sarafu za Natura za nchi hiyohiyo, zilizoanza mwaka 1994 na simba. Anajua panda wa China, wanaotoka tangu 1982. Anaweka pembeni ya nyingine, anatafuta iliyokosekana, na kwa ajili ya alama moja tu, 69 badala ya 68, anaongeza pesa. Ni mapenzi, hayana ubaya wowote, na baadhi ya watu hao wanawajua wanyama wetu kwa majina kuliko sisi. Bei ya pili ni ya mizani. Bunia ina bei ya pili tu. Komptwari haitalipa kioo, wala umande juu ya mgongo wa chui, wala plastiki ya Marekani. Italipa gramu, itatoa sehemu ambayo si dhahabu, itatoa faida yake, kisha itaiyeyusha.

Na kuifikisha kwa mnunuzi wa mbali? Dhahabu haivuki mpaka bila karatasi za serikali. Bila hizo ni magendo, na anayekamatwa ni yule mama, si kijana wa pikipiki. Kabla ya mpaka kuna bariere ngapi? Kila familia ya Djugu, ya Irumu, ya Mambasa, inajua bei ya bariere moja ukiwa na mfuko wa maharagwe. Itakuwaje ukiwa na chui wa dhahabu ndani ya nguo? Habari ya dhahabu haikai siri kambini hata siku mbili. Watu wameuawa kwa simu.

Halafu kuna jambo dogo ambalo lingewaumiza bila wao kujua. Mama yeyote mwenye heshima ya nyumba yake, akipata kitu cha dhahabu chenye doa, atakisugua kwa majivu na limau mpaka king'ae. Prufu ikisuguliwa hata mara moja, hata kwa kitambaa laini, kioo chake kinaingia mikwaruzo midogo, na mkusanyaji anaiona kwa jicho tu. Kidole chenye jasho kinaacha alama ambayo haitoki. Hicho ni kitu ambacho kinaishi vizuri tu mahali ambapo hakuna anayekigusa. Ndani ya hema lenye watu saba na mvua inayoingia upande wa chini, kingeishije?

Kwa hiyo mzee aliwaambia wamama waziwazi kwamba akiba ya mkimbizi lazima iwe kitu kinachouzika kwa jirani siku mtoto anapougua usiku. Mbuzi anauzika. Mfuko wa maharagwe unauzika. Dola inapokelewa, ikiwa haijachanika. Chui wa 1975 anahitaji jirani mwenye kabati.

Yule mwanaume wa Mambasa aliongeza neno lake kuhusu hizo sarafu za kulinda wanyama. Mwaka uleule wa 1975 okapi alikuwa kwenye sarafu ya fedha ya Zaire, na okapi haishi porini katika nchi nyingine yoyote duniani. Mwezi wa 6 mwaka 2012 watu wenye silaha walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale, kwa hasira ya kuzuiwa ujangili na uchimbaji ndani ya hifadhi. Uchimbaji wa nini? Wa dhahabu. Yeye alikuwa msituni siku zile. Hasemi mengi juu ya hilo, ila haelewi mtu anayeweka mnyama juu ya kitu kilekile kinachomfukuza mnyama. Swali lake halina jibu la haraka. Dhahabu ikiyeyushwa haina tena kijiji, na aliyenunua sarafu ya chui huko Ulaya alitoa pesa kwa moyo mzuri. Okapi wa Epulu walikufa hata hivyo.

Kwa familia zitakazoletewa kitu kama hicho, iwe Bunia, iwe Beni au kwingine, mambo machache ni ya kushika. Namba iliyo juu ya kasha itafutwe kwa simu kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, si kwenye ukurasa ambao muuzaji anaufungua kwa simu yake. Namba ikikubali, tazameni picha pia, ikiwa ipo, kwa sababu namba ya kweli inaweza kunakiliwa juu ya plastiki ya uongo. Kitu kisicho na kasha kipimwe kwa mnunuzi wa dhahabu asiyejuana na muuzaji.

Wachimbaji wanaijua pia njia ya maji, nayo haiharibu kitu. Sarafu inapimwa kwanza kavu, kisha inafungwa kwa uzi mwembamba, inatundikwa kwenye mizani na kuzamishwa ndani ya glasi ya maji bila kugusa chini. Sarafu ya kweli ya gramu 33.4 itapoteza karibu gramu 2 tu ndani ya maji. Kipande cha chuma cha njano chenye uzito huohuo kitapoteza karibu gramu 4. Kuna madini moja, tangsteni, ambayo yana uzito karibu sawa na dhahabu safi, na wajanja wakubwa huyaficha ndani. Kwa hiyo maji yanaweza kumkamata mwongo, lakini hayawezi kumtakasa kila mtu. Na kitu cha dola 3,800 kinachouzwa kwa 600 na mtu mwenye haraka, hicho hakihitaji maji.

Mama mwenye ufunguo wa pili ndiye aliyekasirika zaidi, na sababu yake inaeleweka. Binti yake anatakiwa kulipa gharama za Exetat, mtihani wa serikali, na kwa siku mbili alikuwa ameona zimelipwa, na mwaka wa kwanza wa chuo pia. Kwa wiki nzima hakumsalimu mzee. Sasa wanasalimiana. Juzi, wakati wa kuchota maji, alimuuliza tena, "Papa, tuseme ingekuwa ya kweli kabisa. Ungetuambia tununue?"

Mzee alisema hapana, angewaambia waache. Halafu, alisema, angemfuata yule kijana mpaka barabarani na kumwomba aishike kidogo tena.